Shule binafsi, wekeni mitihani yenu mtandaoni

Ikifika Agosti, wazazi wa darasa la saba hapa Kihonda, Morogoro, huanza kuniletea simu zao. "Mwalimu, hebu angalia, hii ndiyo yenyewe?" Yenyewe ni mtihani wa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule fulani ya binafsi, umerushwa kwenye kundi la WhatsApp, kurasa zimepigwa picha upandeupande, majibu yameandikwa na mtu asiyejulikana. Jirani yangu fundi cherehani alinunua "maswali yaliyokwishatoka" akalipa kwa simu. Nilipoyapitia nikakuta ni mtihani wa kidato cha pili uliobadilishwa kichwa. Aliyemuuzia hapokei tena simu.

Sibezi kujisomea mtandaoni. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na kuvisoma ni bure. Ubongo Kids wanafundisha hisabati kwa katuni tangu 2014, kwa Kiswahili chetu. Khan Academy nao wana mazoezi yasiyolipiwa. Ila ninachokipenda kuliko vyote ni kitu ambacho wazazi wengi hawajapata kukisikia: taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo kila swali linachambuliwa, wangapi walilipata, waliochagua jibu lisilo sahihi walichanganya nini. Mwalimu akizisoma hizo anajua kesho aanzie wapi ubaoni. Fomati za mitihani nazo zipo, wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo mtihani wa taifa wa Septemba si fumbo.

Fumbo ni ule wa shule binafsi. Mtoto wa shule ya serikali amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na mtihani wa taifa anaufanya kwa Kiswahili, maswali mengi yakiwa ya kuchagua. Akienda kwenye usaili anakuta masomo hayohayo kwa Kiingereza, na pengine anatakiwa aandike insha. Nina wanafunzi wanaotafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) bila kukosea. Hesabu hiyohiyo ikija kwa Kiingereza wanaacha nafasi wazi. Wenzao wa mchepuo wa Kiingereza wameshakusanya karatasi na kutoka nje. Hakuna programu ya simu itakayoziba pengo la miaka saba kwa majuma machache. Lakini majuma hayo yangekuwa na faida kama tungejua mtoto anaandaliwa kwa maswali ya namna gani.

Hapo ndipo shule zinaponiudhi. Tovuti zao zinapendeza: maabara ipo, basi la njano lipo, namba ya akaunti ya kulipia fomu ipo. Mtihani wa mwaka jana haupo. Mkuu wa shule mmoja aliniambia wakiutoa watoto watakariri. Watakariri nini, kama kila mwaka mnatunga mpya? Na kama hamtungi mpya, wenye dada zao shuleni kwenu na wanaolipia tuisheni kwa walimu wenu walishaukariri zamani. Anayebaki gizani ni mtoto wa fundi cherehani, ambaye baba yake amelipia fomu bei ileile.

Na msongamano unakuja. Kwa mtaala mpya, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wote watahitaji kidato cha kwanza. Wauza maswali bandia watavuna.

Wakuu wa shule binafsi, kabla hamjaanza kuuza fomu za mwaka huu, wekeni kwenye tovuti zenu mtihani wa mwaka jana pamoja na majibu yake, bure, na mseme wazi mnapima mada zipi na kwa lugha gani. Nawe mzazi, ukifika dirishani kuchukua fomu, uulizie mtihani huo kabla hujatoa pesa.