Usimlaumu McCarthy, Tezo Hatujajiandikisha

Kila orodha ya Harambee Stars ikitoka, maskani yetu hapa karibu na steji ya Tezo haikaliki. Simu inazunguka mkono kwa mkono, mmoja anasoma majina kwa sauti kama mwalimu anayeita rejista, na kabla hajamaliza mabeki ugomvi umeshaanza. Huyu anatafuta nini hapa? Yule ameachwa kwa nini? Nani alimwambia Benni McCarthy kwamba huyo ni winga?

Halafu lazima mtu aulize lile swali letu la kila mwaka: "Haya, na Mpwani ni nani hapo?"

Hapo watu hugawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza linasema watu wa bara wanapendeleana, sisi tutabaki kupiga makofi mpaka tuzeeke. Kundi la pili linasema makosa ni yetu, vijana wa Pwani ni wavivu, muguka na mnazi zimewamaliza. Kundi la tatu linajifanya na busara: mpira hauna kabila bana, kama uko na kiwango utaitwa tu.

Mimi nimekaa kundi la kwanza miaka mingi, tena na kelele nyingi. Leo nasema nimehama. Lakini sijahamia la pili wala la tatu, maana yote matatu yana kosa moja. Tunagombania orodha ya mwisho kabisa, wakati jina la kijana wa Tezo halikuandikwa hata kwenye ile ya kwanza.

Subiri usinitukane bado. Nielezee.

Agosti 2025 kila mtu alikuwa shabiki. CHAN ilikuja nyumbani kwetu, sisi, Tanzania na Uganda. Mnajua ile ni michuano ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, hakuna wa kuletwa kutoka Ulaya. Tukapangwa na Morocco na DR Congo, kila mmoja wao akiwa ameshabeba kombe hilo mara mbili. Hapa bandani watu walikuwa wanahesabu tutafungwa mangapi.

Tukampiga DR Congo moja bila, bao la Austin Odhiambo. Tukatoka sare ya 1-1 na Angola tukiwa pungufu. Tukampiga Morocco moja bila, Ryan Ogam, tukiwa pungufu tena! Tukamaliza na Zambia moja bila, Ogam yule yule. Robo fainali tukatolewa na Madagascar kwa matuta, na usiku ule nilirudi nyumbani kwa miguu bila kusema na mtu.

Wale walikuwa vijana wa ligi yetu hii hii ambayo tunaicheka. Ogam alikuwa Tusker. Baada ya CHAN akaenda zake Austria, Wolfsberger. Kabla ya mashindano Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila mechi watakayoshinda. Kwa hivyo tunapouliza "Mpwani ni nani hapo" tunaulizia pia maisha. Nani atajengea mamake nyumba, na nani ataendelea kubeba abiria kutoka Tezo hadi Kilifi mjini.

Sasa jiulize, McCarthy aliwachagua vipi? Kocha huchagua anaowaona. Anaowaona ni wale wa Ligi Kuu. Klabu nyingi za Ligi Kuu ziko Nairobi na bara. Klabu nayo huchukua anaowaona, yaani watoto wa mtaa wa karibu, wa shule zinazofika mashindano ya taifa, wa akademia ambayo kocha wake ana namba ya mtu. Mtoto wa Tezo, ambaye hata Mbaraki wanakochezea Bandari ni zaidi ya kilomita 60, ameshatoka kwenye hesabu akiwa na miaka 13. Kocha wa taifa anakuja kuulizwa miaka kumi baadaye, juu ya mtu ambaye hakuwahi kusikia jina lake.

Na wa kundi la pili, acheni kusema ni damu. Mwaka 1965 mabingwa wa Kenya walikuwa Feisal ya Mombasa. Muulize babu yeyote mpenda mpira akwambie habari za Ali Kajo, halafu ukae chini maana hamalizi leo. Na si zamani tu. Bandari ilimaliza ya pili kwenye ligi 2018 na 2019, ikabeba kombe la Shield 2019, na kipa wake Farouk Shikalo akaenda AFCON Misri mwaka huo na kikosi cha taifa kabla ya kuhamia Yanga. Pwani ikionekana, inaitwa.

Wamarekani wana kitu kinaitwa draft kwenye mpira wao ule wa kofia za chuma. Kila mwaka timu zote 32 zinakaa na kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, raundi saba. Anayechagua kwanza ni timu iliyofanya vibaya kuliko wote msimu uliopita, ili aliyebaki nyuma naye asogee.

Kwetu ni kinyume. Mwenye nguvu anachagua kwanza, anachagua tena, halafu waliobaki wanaambiwa wajitahidi.

Lakini kinachonikosesha usingizi kwenye draft ni kitu kingine. Mwaka 2000 kulikuwa na kijana anaitwa Tom Brady. Alichaguliwa wa 199, raundi ya sita, ameshapitwa na kila mtu. Baadaye akashinda Super Bowl mara saba. Watu husimulia hadithi hii kama ya kutokata tamaa. Mimi naiona ya makaratasi. Huyo wa 199, ambaye karibu hakuna aliyemtaka, alikuwa na faili. Alikuwa amepimwa urefu, amepimwa mbio, mechi zake za chuo zilikuwa zimerekodiwa. Yule wa mwisho kabisa kule anajulikana zaidi kuliko yule bora wa kwetu.

Nina binamu yangu. Beki wa kushoto. Simtaji jina kwa sababu ataniua. Mguu wake wa kushoto unaweza kukuletea krosi ukiwa umelala. Alipokuwa na miaka 17 kocha mmoja wa klabu alipita huku, akamwona dakika ishirini, akamwita pembeni. Akamwuliza vitu vitatu tu. Una cheti cha kuzaliwa? Msimu uliopita ulicheza mechi ngapi, na timu gani iliyosajiliwa? Kuna video?

Cheti kilikuwa hakijatafutwa tangu azaliwe. Mechi alicheza nyingi, lakini hakuna aliyeandika hata moja. Timu haikusajiliwa popote, ilikuwa na jezi tu. Na video? Hapo ndipo aibu yangu. Mimi ndiye mwenye simu. Msimu mzima nilikuwa kando ya uwanja narekodi. Tulipotafuta tukapata matobo, kanzu, mabao, na watu wakicheza baada ya bao. Binamu yangu alionekana sekunde nne, akiwa nyuma, mkono mmoja juu akiomba pasi.

Akaambiwa aje kwenye majaribio. Akaenda kwa nauli yake mara mbili, ya tatu akakopa. Mara ya nne hakwenda. Leo ana pikipiki ya mkopo na anakuchekea akikubeba, lakini orodha ya Stars ikisomwa maskani huwa anawasha pikipiki anaondoka. Nilikuwa nadhani hapendi kelele.

Sasa twende kwa pesa, maana najua kuna watu wameamka hapo.

FIFA wana kanuni. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni robo ya asilimia moja ya bei. Kuanzia 16 ni nusu ya asilimia kwa msimu. Piga hesabu. Kijana wa Tezo auzwe siku moja kwa shilingi milioni 100, bei ya kawaida tu Ulaya. Timu ya mtaa iliyomlea misimu minne, kutoka 12 hadi 15, inastahili asilimia moja. Hiyo ni milioni moja nzima. Hesabu mwenyewe ni mipira mingapi, ni magoli mangapi ya chuma badala ya hii miti tunayokatiana.

Lakini kuna sharti. Timu iwe imesajiliwa na shirikisho, na mtoto awe ameandikishwa rasmi kwenye timu hiyo. Kama hakuna rekodi, huna cha kudai. Unaweza kuwa ulimnunulia njumu na kumlisha mahamri kila asubuhi, pesa itapita juu ya kichwa chako kama ndege za kwenda Malindi.

Najua jibu linalokuja. "Hiyo ni kazi ya kaunti. Hiyo ni kazi ya FKF. Sisi ni raia tu." Ni kweli kwa sehemu kubwa, na sitaki mtu aache kuwauliza. Nairobi wanajengewa uwanja wa watu 60,000 pale Ngong Road, wa AFCON. Sisi tunaruhusiwa kuuliza uwanja wa wadi uko wapi. Aulizwe mwakilishi wa wadi, aulizwe kila mgombea mwenye kugawa jezi zenye sura yake. Jezi za kampeni hazina faida kama hakuna ligi ya kuzivalia.

Ila usiniambie haiwezekani kuanza bila wao, kwa sababu hapa hapa Kilifi imewezekana, na waliofanya ni wasichana. Moving the Goalposts ilianza 2001. Wakati ule msichana kuvaa kaptura na kucheza mpira huku kwetu ilikuwa kesi ya ukoo mzima. Walianza na nini? Walipanga timu, wakapanga ligi, na wasichana wenyewe wakafundishwa kuwa makocha, marefa na viongozi wa ligi zao. Timu yao ya MTG United ikafika kucheza ligi za taifa za wanawake. Sisi wavulana tulikuwa na uwanja tangu zamani, hakuna aliyetukataza kuvaa kaptura, na bado hatuna daftari.

Daftari, ndugu zangu. Ndilo ninalolilia. Mambo yenyewe ni manne:

Moja, kila mechi ya timu zetu iandikwe. Tarehe, majina kamili, namba ya jezi, dakika, nani alifunga, nani alitoa pasi, nani alipewa kadi. Daftari la mkono linatosha.

Mbili, timu ijisajili na ligi za chini za FKF, hata kama itashuka kila mwaka. Tuchange.

Tatu, cheti cha kuzaliwa kitafutwe mtoto akiwa na miaka 10, si siku ya majaribio. Na umri uandikwe wa kweli. Kudanganya umri kunamsaidia mmoja leo na kumfungia mlango mdogo wake kesho.

Nne, hii ni yetu sisi wa simu. Turekodi mechi nzima. Simama sehemu ya juu kidogo, uwanja wote uonekane, mtaje mchezaji kwa jina. Hata beki. Hasa beki. Najua video ya dakika 90 ya uwanja wa vumbi haipati watazamaji. Mimi nikitabiri kikosi cha Arsenal napata wengi kwa saa moja kuliko mechi zote za Tezo kwa mwaka. Lakini Arsenal hawanihitaji. Wana kamera zao.

Kwa hivyo nimeanza. Jumamosi iliyopita nilinunua daftari la kurasa 200, nikaenda kwenye mechi ya watoto wa chini ya miaka 15, nikaandika majina 27. Watano hawakujua tarehe yao ya kuzaliwa. Mmoja, kiungo mdogo hivi, aliniuliza kama jina lake linapelekwa Nairobi. Nikamwambia hapana, linakaa hapa kwanza. Akaniangalia vile watoto huangalia mtu aliyewaharibia habari, halafu akasema niandike vizuri basi, jina lake lina "dz", si "z".

Nikafuta nikaandika upya.

Orodha nyingine ya Stars ikitoka tutabishana tena, nami nitapiga kelele kama kawaida. Ila anayeuliza "Mpwani ni nani hapo" nitamwuliza na mimi: wewe umeandika nani? Kama uko Tezo, Mtondia, Ngerenya, au popote ambapo kuna uwanja na hakuna daftari, niambie hapo chini timu yako inacheza saa ngapi. Nitakuja na kalamu. Nauli nitapanda pikipiki ya binamu yangu, na safari hii nataka abaki aangalie mechi mpaka iishe.