Nairobi: Mfuko mmoja wa taka, hasara ya wengi

NAIROBI – Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka iliyopitishwa nchini Kenya mwaka 2022 inaagiza kwamba taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, kila aina katika chombo chenye rangi na maandishi yake. Hata hivyo, katika mitaa mingi ya jiji hili mfuko unaotoka jikoni bado ni mmoja: maganda ya ndizi, mabaki ya sukuma wiki, chupa za plastiki na katoni, vyote pamoja.

Kiuchumi, hasara huanzia hapo. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni za kuoza. Katoni ikishalowa mchuzi haina bei tena. Plastiki iliyochafuka haina budi kuoshwa, na gharama ya maji, umeme na vibarua hukatwa kwenye bei ya kilo. Anayeumia zaidi ni muokotaji katika jaa la Dandora, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001.

Hasara hiyo inafika hadi mpakani. Mwaka 2018 China ilifunga soko lake kwa plastiki chakavu kutoka nje. Kisha, kuanzia Januari 1, 2021, marekebisho ya Mkataba wa Basel yaliweka masharti mapya: plastiki chafu au iliyochanganywa haisafirishwi nje bila idhini ya nchi inayoipokea. Ile safi, ya aina moja na inayokwenda kutengenezwa upya, haihitaji utaratibu huo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Nairobi anayetaka kuuza ng'ambo anahitaji mzigo safi, na usafi huo huanzia jikoni.

Kwa nini basi wakazi hawatenganishi? Jibu la haraka ni kwamba hawajaelimishwa. Ukweli ni kwamba hawana sababu ya kujisumbua. Anayetenganisha hulipa ada sawa na jirani yake asiyetenganisha, na mara nyingi lori likifika, mifuko yote hutupwa pamoja.

Mabango zaidi hayatabadilisha hali hiyo. Kinachohitajika ni mikataba inayomlazimu mzoaji kupita siku tofauti kwa taka tofauti, na ada nafuu kwa nyumba inayotenganisha.

Lakini kuna upande wa pili usiozungumzwa sana. Chupa na katoni zikichukuliwa safi nyumbani, hazitafika Dandora, na maelfu ya familia zinazoishi kwa kuokota huko zitakosa riziki. Sheria inazitaka kaunti kuanzisha vituo vya kuokoa na kurejeleza taka. Ajira katika vituo hivyo ianze na watu hao, ambao wanajua aina za plastiki kwa kuzigusa tu. Vinginevyo mpango huu utawanufaisha wenye malori na wenye viwanda, huku gharama yake ikibebwa na maskini.