Kipimo Kisichotujua Hakitutoshi

Wako ndugu zetu wanaoshikilia kwamba sayansi haina taifa, na kwamba kipimo kilichothibitishwa Ulaya kinafaa kutumiwa Afrika kama kilivyo. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini ukweli unaikanusha.

Tutazame dawa ya fluorourasili, iliyotengenezwa katika miaka ya 1950 na ambayo hadi leo hutibu saratani za utumbo mpana, tumbo na matiti. Ini huvunja zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo kwa kimeng'enya kimoja, ambacho jeni yake huitwa DPYD. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu, dozi ya kawaida hugeuka sumu: kinywa huota vidonda, kuhara hakukomi, chembe nyeupe za damu hupungua mno, na wengine hufa. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza tiba. Ushauri huo ulikuwa wa busara.

Hata hivyo, vipimo vilivyoenea huko vilitafuta alama nne, zilizoteuliwa zaidi kwa kuchunguza watu wenye asili ya Ulaya. Alama iitwayo Y186C, ipatikanayo hasa kwa wenye asili ya Afrika, haikuwamo. Mwafrika mwenye alama hiyo akipimwa hivyo ataambiwa yu salama, kisha atapewa dozi kamili. Je, huo ni usalama, au ni upofu uliopigwa muhuri?

Wala hilo si ajabu. Hadi mwaka 2018, takriban asilimia 78 ya watu waliochunguzwa katika tafiti kubwa za kuhusisha jeni na maradhi walikuwa wenye asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2 tu, ingawa Afrika ndiyo yenye vinasaba vya aina nyingi kuliko bara lolote.

Wapo pia wasemao kwamba elimu ya jeni ni anasa ya matajiri. Hoja hiyo ni dhaifu. Jeni hupimwa mara moja maishani. Mgonjwa aliyedhuriwa na dawa hulala wodini majuma mazima, akihitaji damu, dawa na jasho la wauguzi.

Wajibu wetu u wazi. Wanaopanga bajeti watenge fungu la kupima wagonjwa kabla ya tiba. Wanaonunua vipimo waulize kwanza vinatafuta alama zipi, na wavikatae visivyo na Y186C. Vyuo vyetu vichunguze alama za watu wetu wenyewe, na walimu wawaandae vijana kwa kazi hiyo. Nguo ya kuazima haisitiri.