Askari na Mwandishi wa Habari wa Kike

Yapo mambo ambayo ofisa huyatenda kwa nia njema, akayahesabu kuwa ni ya busara, na baada ya muda yakamwia aibu. Langu mojawapo ni hili. Miaka michache iliyopita niliagizwa kuandaa safari ya waandishi wa habari kwenda kuwaona vijana wetu waliokuwa mstari wa mbele. Nafasi katika helikopta zilikuwa chache. Wahariri walileta majina, na kati yake moja tu lilikuwa la mwanamke. Nilichukua kalamu nikalifuta. Mhariri wake aliponipigia simu kuuliza sababu, nilimjibu kwa sauti ya kiofisa kwamba huko hakuna hema la akina mama wala choo chao, na kwamba jeshi halikuwa tayari kubeba dhamana ya usalama wake.

Tulipotua, mtu wa kwanza kutupokea uwanjani alikuwa koplo wa mawasiliano, mwanamke, ambaye alikuwa akiumaliza mwezi wake wa saba mahali pale. Wenzake walikuwa wanne. Hema lao lilikuwa limepigwa nyuma ya zahanati, na choo chao kilikuwa kimezungushiwa turubai safi kuliko la kwetu maofisa. Basi hema lilikuwapo na choo kilikuwapo. Aliyekosekana ni ofisa wa uhusiano wa kuinua simu ya upepo na kuuliza kabla ya kufuta.

Waandishi niliowachukua walirudi Kampala, na karibu wote waliandika hotuba ile ile ya kamanda. Yule niliyemwacha alikwenda kwenye makazi ya familia zetu akazungumza na wake wa askari waliokuwa huko: namna wanavyoisubiri simu ya usiku, namna mtoto anavyoanza shule baba hayupo. Makala yake ilikatwa gazetini ikabandikwa ukutani mwa kantini. Wala hakunilaumu. Tulipokutana alisema tu, “Afande, nasikia hema lilikuwa nyuma ya zahanati.”

Ndugu askari na polisi, tunapotajiwa vizuizi vinavyowakabili wanawake katika kazi ya habari, wengi wetu hudhani kwamba hayo ni ya huko huko katika vyumba vya habari. Ni kweli kwamba mengi yako huko. Sheria ya ajira ya mwaka 2006 inampa mama mzazi likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na inamtaka mwajiri mwenye watu zaidi ya 25 aweke hatua za kuwakinga wafanyakazi wasibughudhiwe kimapenzi. Lakini waandishi wengi, hasa wa wilayani, si waajiriwa: hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Mwandishi wa namna hiyo akijifungua, malipo hukoma siku hiyo hiyo. Na mhariri akimtaka kwa njia isiyo halali, hana ofisi ya kupeleka mashtaka, maana huyo mhariri ndiye anayeamua ipi ichapwe na ipi itupwe.

Wala si kwamba akina mama wamekaa kimya. Walianzisha chama cha wanawake wanahabari wa Uganda mwaka 1983, na mwaka 2001 chama hicho kikafungua redio yake, Mama FM. Mwaka 2010 Barbara Kaija alikabidhiwa kiti cha mhariri mkuu wa kampuni ya New Vision. Hata hivyo, uchunguzi wa dunia unaofanywa kila baada ya miaka 5 ulionyesha kwamba mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliotajwa au kusikika katika habari. Mwaka 2020, baada ya robo karne, walikuwa asilimia 25. Bataliani inayosonga mbele kwa mwendo huo ingekwisha kubadilishiwa kamanda.

Sasa tuitazame sehemu yetu. Mtangazaji wa zamu ya usiku anatoka kazini saa sita, anafika kwenye kizuizi cha barabarani, anatoa kitambulisho. Mwenzake wa kiume huulizwa anatoka wapi. Yeye huulizwa mumewe yuko wapi. Asubuhi anakwenda kituoni kutafuta habari ya wizi, na konstebo, kabla ya kusema neno, anaomba namba yake ya simu, na si kwa ajili ya kazi. Katika mkutano na waandishi, mwanamume akiuliza swali gumu hujibiwa. Mwanamke akiliuliza lilo hilo huambiwa kwamba amependeza leo, watu wakacheka, na swali likafa. Nimekwisha kukaa meza ya mbele wakati hayo yakitendeka, nami nilicheka.

Hapa ndipo hasara inapokuwa yetu pia. Huko Kongo, Kivu ya Kusini, mtangazaji wa redio Chouchou Namegabe na wenzake waliunda chama chao mwaka 2003. Walipeleka vipaza sauti kwa wanawake waliobakwa vitani, na wanawake wale wakasema mambo ambayo pengine wasingemwambia mwanamume, achilia mbali mwanamume mwenye bunduki. Mwaka 2009 aliyafikisha mambo hayo mbele ya Baraza la Seneti la Marekani. Kamanda anayetaka kujua kwa hakika vijana wake wanaishije na raia wa kijiji walichopiga kambi, atayajuaje iwapo kila mwandishi anayemruhusu kuingia ni mwanamume?

Maofisa wengine husema mwanamke wa kiraia kambini ataleta fitina. Nimelisikia neno hili mara nyingi, na naliona ni neno la ajabu kutoka kinywani mwa kamanda. Nidhamu ya askari ni mali ya askari na ya mkubwa wake. Haiwezi kuwekwa mikononi mwa mgeni aliyekuja na daftari. Wengine husema kumtafutia hema lake ni upendeleo. Mbona hatusemi hivyo kwa yule koplo wa mawasiliano? Tena jeshi hili hili lilisemewa na mwanamke, Flavia Byekwaso, hadi mwaka 2022, nasi tulimpigia saluti bila kuuliza analala wapi.

Safari nyingine inaandaliwa, na orodha itapita tena mezani pangu. Juzi nimetia sahihi hati ya stoo kuchukua hema la pili, turubai na taa mbili. Mtunza stoo aliniuliza ni la nani. Nikamwambia aandike: la waandishi wa habari.