Bomba la Ziwa Victoria likipita Busega, nani atakinga ndoo?

Mwamanyili ni kata ya wilaya ya Busega, wilaya ya mkoa wa Simiyu inayopakana na Ziwa Victoria. Ni kutoka Busega ndiko maji ya ziwa yanakopaswa kuvutwa hadi Bariadi na Itilima, na kwa awamu nyingine Maswa na Meatu. Swali ambalo waamini wetu wamekuwa wakilirudia ni fupi: maji yakitoka kwetu na bomba likipita kwetu, sisi nasi tutakunywa? Tunaona ni swali la haki, wala si la ubinafsi wa kijiji.

Mradi wenyewe ni jambo la kumshukuru Mungu. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha ruzuku ya zaidi ya Euro milioni 100 kwa ajili ya Simiyu, ikiungana na fedha za Serikali yetu na za Ujerumani kupitia benki ya KfW. Anayeujua mkoa huu wakati wa kiangazi haulizi sababu. Mito hukauka, watu hufukua mchanga kutafuta maji, na malambo hunywewa na ng’ombe na watoto kwa pamoja. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa na kipindupindu, hilo hatujalisahau.

Mji wa Bariadi nao unakua kwa haraka. Tangu mkoa uanzishwe mwaka 2012 umepata ofisi, benki, nyumba za kupanga na wafanyabiashara, juu ya viwanda vya kuchambua pamba vilivyoupa jina. Kiwanda cha pamba chenyewe hakinywi maji mengi. Wanaoyahitaji ni watu wanaokuja kukifuata: kibarua, mama lishe, fundi baiskeli, mpangaji wa chumba kimoja. Watu hao hukaa pembezoni, kwenye viwanja visivyopimwa, ambako mabomba huchelewa kufika. Jiji la Mwanza limekwisha kutufundisha hilo. Limekaa juu ya ziwa, lina mtambo wa Capri Point wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, na bado ulihitajika mtambo mwingine Butimba wa lita milioni 48. Kwa miaka mingi walioishi milimani waliliangalia ziwa kutoka madirishani huku ndoo zikiwa tupu. Kuwa karibu na maji hakumpi mtu maji.

Usukuma una mfano mwingine wa karibu. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi unaovuta maji kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Ulijengwa kwa fedha za Watanzania wenyewe, bila kungoja ruhusa ya mkataba wa Nile wa mwaka 1929 ambao Mwalimu Nyerere aliukataa mara baada ya uhuru. Ulikuwa ujasiri mkubwa. Hata hivyo, bomba kuu hubeba maji kwa nguvu kwenda mbali, na kijiji linamopita hakipati tone mpaka kijengewe tawi, tangi na vituo vya kuchotea. Ndiyo maana ulikuja utaratibu wa kuhudumia vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kutoka bomba kuu. Utaratibu huo ndio tunaotaka usomwe kwa sauti katika mikutano ya vijiji vya Busega, kijiji kwa kijiji na mwaka kwa mwaka, mafundi wakiwa bado kazini.

Liko pia suala la bei, ambalo hotuba hulipita upesi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Dumu likiuzwa shilingi 50 kwenye kioski, mnunuzi amelipa shilingi 2,500 kwa uniti. Likiuzwa 100 na mwenye baiskeli, amelipa 5,000. Mwenye bomba uani hulipa kwa uniti, na aghalabu hulipa pungufu ya hapo. Kwa hiyo asiyeweza kumudu gharama ya kuunganishiwa ndiye anayenunua maji ya ghali zaidi, tena baada ya kuyapangia foleni. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Umbali unapimwa, lakini bei nayo ni umbali kwa mjane mwenye wajukuu watano.

Mafundisho jamii ya Kanisa hayasitisiti hapa. Katika waraka Laudato si’ wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba maji safi na salama ni haki msingi ya binadamu, kwa kuwa bila hayo mtu haishi. Kitabu cha Mwanzo kinatuonesha wachungaji wa Isaka wakigombania visima na wachungaji wa Gerari, na Isaka akisogea na kuchimba tena hadi akapata kisima kisichogombaniwa. Wafugaji wetu wanaielewa habari hiyo kuliko sisi tuliosoma seminarini. Lakini mkulima wa Mwamanyili hana pa kusogea.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za Haki na Amani za parokia zihudhurie mikutano ya vijiji zikiwa na maswali matatu yaliyoandikwa: tawi la kwetu liko kwenye mchoro? Kuunganishiwa kutalipwa kwa mafungu? Nani atasoma hesabu ya kioski mbele ya wananchi? Tangu mwaka 2019 wakala wa maji vijijini, RUWASA, hufanya kazi na vyombo vya watumia maji vinavyoundwa na wanajamii wenyewe. Waamini wetu wamo humo. Ni wahazini, ni wasoma dira, na wengine, tuseme kweli, ni wale wanaochepusha maji usiku.

Nasi makasisi hatuko nje ya hesabu hii. Parokia nyingi zina visima, na geti la kisima hufungwa saa ambayo padre ameipanga, kwa bei ambayo padre ameipanga. Hapa kwetu tumemwomba mwenyekiti wa Baraza la Walei abandike ukutani bei ya dumu, gharama za pampu na kiasi kinachobaki kila mwezi. Karatasi ya kwanza itabandikwa Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili.