Kabla ya kuipa meli bendera yetu

Mwaka 2012 meli 36 za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania. Zilisajiliwa kwa jina la Zanzibar, na wananchi wenye bendera hatukuwa na habari. Nyingi kati yake, kwa ukubwa wake, haziwezi hata kusogelea gati la Malindi, Unguja. Tulikuja kujua baada ya Howard Berman, mbunge wa Marekani, kumwandikia barua Rais Kikwete. Serikali ikachunguza, ikathibitisha, ikazifuta, na mkataba na wakala aliyezisajili, ambaye ofisi yake ilikuwa Dubai, ukavunjwa.

Wapo waliosema wakati ule, na bado wapo, kwamba tuliwatii Wamarekani bure. Vikwazo vya mafuta dhidi ya Iran viliwekwa na Marekani na Umoja wa Ulaya. Iran haikutukosea kitu. Hoja hiyo naiheshimu. Azimio la Baraza la Usalama linatubana sote, lakini amri ya Washington si sheria ya Unguja. Hata hivyo mimi nimezeekea kwenye meli za mafuta, nimeanza kwa kusugua sitaha hadi kuwa afisa, na kila nikisikia mjadala huu namtafuta baharia ndani yake simwoni.

Meli ya mafuta inapoingia kwenye biashara iliyowekewa vikwazo, kinachoondoka kwanza ni bima. Takriban asilimia 90 ya tani za meli za dunia zina bima ya dhima katika vyama vichache vikubwa, na vyama hivyo havigusi mafuta yaliyopigwa marufuku. Bima ikishaondoka, bandari nzuri zinaikataa meli, mabenki yanakataa malipo yake, na nchi yenye usajili makini inaifuta. Hapo ndipo mwenye meli anapotafuta bendera ya nchi isiyouliza. Baada ya hapo mtambo unaoonyesha meli ilipo huzimwa usiku, meli mbili hukutana nje ya Malaysia zikaunganishwa mipira na kuhamishiana mafuta, na hati za shehena huandikwa upya hadi mafuta yapate nchi nyingine ya kuzaliwa. Jina la meli hufutwa likapakwa jingine. Kisichobadilika ni namba ya IMO, tarakimu saba ambazo meli hupewa mara moja tu kwa maisha yake yote.

Tarehe 1 Mei 2023 meli iitwayo Pablo, iliyoundwa mwaka 1997, ililipuka karibu na Malaysia. Ilikuwa tupu, na kila aliyefanya kazi hii anajua kwamba tangi tupu lililojaa mvuke wa mafuta ni hatari kuliko lililojaa mafuta yenyewe. Mabaharia walikuwa 28. Waliookolewa ni 25. Bendera ilikuwa ya Gabon, nchi ambayo usajili wake uliendeshwa na kampuni iliyoko Falme za Kiarabu, na mabaki ya meli yalibaki baharini miezi mingi bila mwenye mali kujitokeza. Wale watatu wana mama zao. Fidia wanamdai nani?

Hata pasipo moto, mzigo humwangukia aliye melini. Mwezi Mei 2019 Panama iliifuta meli Grace 1. Tarehe 4 Julai wanajeshi wa Uingereza wakaiteka karibu na Gibraltar ikiwa na mapipa milioni 2.1 ya mafuta ya Iran, ikishukiwa kwenda Syria. Nahodha na maofisa wake watatu walikamatwa, ingawa baadaye kesi ilifutwa. Wenye mafuta hawakulala rumande hata usiku mmoja.

Mwaka jana kijana mmoja wa Mtoni, mtoto wa baharia mwenzangu, alinijia na mkataba kwenye simu. "Shikamoo ami. Nimepata meli." Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya ule ninaoujua kwa cheo chake. Nikamuuliza namba ya IMO. Hakuwa nayo, wakala wa ajira alimwambia ataiona akifika bandari ya Fujairah. Nikamwambia aidai, na baada ya siku chache ikaja. Tukaitafuta Equasis, hazina ya taarifa za meli iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bure. Majina matatu, bendera tatu, na mahali pa bima patupu. Hakwenda. Mama yake alinikasirikia, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na shida ya fedha kweli, na sikuwa na la kumwambia ambalo lingemlipia kodi.

Lakini kwa nini kazi hii ifanywe na mzee mmoja barazani kwake, kwa kijana mmoja? Nchi inayotoa bendera ndiyo yenye uwezo wa kudai kila karatasi. Mwaka 2012 tuliambiwa funzo limepatikana. Januari 2018 Rais Magufuli alisimamisha usajili wa meli za nje, baada ya meli mbili zenye bendera yetu kukamatwa, moja na dawa za kulevya karibu na Jamhuri ya Dominika, nyingine na shehena ya vilipuzi huko Ugiriki. Miaka sita ilikuwa haijatimia.

Ada ya usajili ni fedha ndogo mno kwa dhamana tunayobeba. Usajili ufanyike nyumbani, na maofisa wanaolipwa mshahara na Serikali, si wakala anayelipwa kwa kila meli. Afisa mwenyewe ampigie simu mtoa bima, asiridhike na cheti. Atazame meli ilipita wapi mwaka mzima, na ilizima mtambo wake wapi. Mmiliki atajwe kwa jina la mtu, maana kampuni ya sanduku la posta haina mtu wa kupelekwa mahakamani.

Chongoleani, Tanga, meli kubwa zitakuja kupakia mafuta ghafi ya Uganda kutoka kwenye bomba la kilomita 1,443, na wanunuzi watachunguza kila kitu chetu, bendera ikiwamo. Tusisubiri barua nyingine kutoka Marekani. Orodha ya meli zote za kigeni zenye bendera ya Tanzania, pamoja na namba zake za IMO, wamiliki na bima, itangazwe sasa, na irekebishwe kila mwezi.