Aliyevishwa Gunia na Aliyemvisha

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya mkoloni yaliuzingira mji huu wa Nairobi. Katika operesheni hiyo, iliyoitwa Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walifagiliwa kutoka mitaani, wakapangwa foleni mbele ya watu waliofunikwa magunia yaliyotobolewa mahali pa macho tu. Gunia likitikisa kichwa, mtu alikwenda kizuizini. Hakukuwa na kesi wala wakili, na mshtakiwa hakupewa hata nafasi ya kumtazama usoni anayemshtaki. Wazee wetu wanapoyakumbuka hayo humlaani mtu aliyekuwa ndani ya gunia. Sisi tunasema laana hiyo imeishia njiani. Nani alilishona gunia lile, na nani alimlazimisha mtu kulivaa?

Tukumbuke sheria za Hali ya Hatari zilivyokuwa. Mpiganaji wa Mau Mau aliyetekwa alijua kwamba risasi moja mfukoni ilitosha kumfikisha kitanzini; na wanaume zaidi ya elfu moja walifikishwa huko. Hapo ndipo ofisa wa Tawi Maalum la polisi alipomjia, mpole, na sigara mkononi, akimwambia kwamba iko njia nyingine. Njia hiyo ni kurudi msituni na kuwaleta wenzake. Watetezi wa mbinu hii huiita hiari. Hiari gani hiyo, ambayo upande wake wa pili ni kamba? Serikali iliyomnunua mtu kwa shingo yake mwenyewe haina haki ya kumwita msaliti baadaye, wala ya kujidai kwamba aliyoyatenda ni yake peke yake.

Frank Kitson, ofisa kijana wa jeshi la Uingereza, aliifanya kazi hiyo Kiambu na akaiandikia kitabu mwaka 1960, bila haya. Waliogeuzwa walivishwa matambara ya msituni, wakaandamana na maofisa wazungu waliojipaka weusi usoni, wakawa magenge bandia. Ian Henderson aliwatumia watu wa namna hiyo kumsaka Dedan Kimathi, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Wanahistoria wa vita husimulia ujanja huo kwa kuusifu. Hawasimulii sana habari za mama wa kijijini aliyebishiwa hodi usiku. Akiwapa uji, huenda ni genge bandia, naye amejiandikia kesi. Akiwanyima, huenda ni wapiganaji wa kweli, nao watamhukumu kuwa kibaraka. Mama huyo hakuchukua silaha wala hakula kiapo cha mtu, lakini serikali ilikuwa imeuharibu mlango wake: hodi haikuwa hodi tena. Uharibifu huo haukuisha bendera ilipobadilishwa mwaka 1963. Kuna koo ambazo mpaka leo haziozani kwa sababu ya jambo lililosemwa, au lililodhaniwa kusemwa, ndani ya gunia.

Lakini gharama kubwa kuliko zote ni hii. Mpasha habari hawezi kukaa katikati ya watu wenye silaha mikono yake ikiwa safi. Ili aaminiwe atende watendayo; na kila anapotenda, yuko ofisa mezani ambaye amejua, amenyamaza, na amelipa mshahara. Kitson alipelekwa Belfast mwaka 1970. Miaka kadhaa baada ya yeye kuondoka huko, jeshi la Uingereza lilikuwa na mtu wake ndani ya IRA, kwa jina la siri Stakeknife, aliyekuwa katika kitengo cha kuwahoji na kuwaua walioshukiwa kuwa wapasha habari. Fikirini: mpasha habari wa serikali akiwaua watu kwa kosa la upasha habari! Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba mtu huyo aliokoa mamia. Taarifa ya uchunguzi wa Kenova, Machi 2024, ilisema kwamba yamkini maisha yaliyopotea kwa ajili yake ni mengi kuliko yaliyookolewa.

Watatujibu kwa Westgate. Sisi wa Parklands hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 21 Septemba 2013 milio ya risasi ilisikika mpaka majumbani mwetu, na majeruhi walijaa katika hospitali za mtaa huu. Watu 67 walikufa. Hatusemi, wala hatujapata kusema, kwamba serikali iwazibe masikio makachero wake mbele ya Al-Shabaab. Tunauliza hesabu. Aprili 2015, baada ya mauaji ya Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaorudi kutoka Somalia. Huko Kwale baadhi ya waliorudi waliuawa au kutoweka. Wako wanaowanyooshea polisi kidole, na wako wanaowanyooshea wenzao wa zamani. Kijana anayedhaniwa kuwa jasusi na kundi lake, na gaidi na polisi, amebaki na nani? Na akifa, nani anaulizwa?

Kwa sasa hakuna anayeulizwa. Sheria yetu ya Ushahidi inamkinga ofisa asishurutishwe kusema alikopata habari, na kinga hiyo ina sababu njema; lakini kinga ya chanzo imegeuzwa kuwa kinga ya mauaji. Katika makaburi ya City Park, hapa Parklands, amelala Pio Gama Pinto, aliyetiwa kizuizini na mkoloni mwaka 1954, na aliyepigwa risasi nyumbani kwake Westlands tarehe 24 Februari 1965, Kenya ikiwa huru. Kisilu Mutua alifungwa hadi mwaka 2001, akishikilia kwamba hakuua. Waliotuma risasi ile hawajatajwa katika mahakama yoyote.

Tunachotaka kinaweza kuandikwa na Bunge katika kikao kimoja. Jaji, si ofisa, ndiye aruhusu mtu kupandwa ndani ya kundi lenye silaha, na kwa muda uliotajwa. Uhai wa raia usitolewe kafara kumficha mpasha habari. Naye mpasha habari, kazi ikiisha, ahifadhiwe yeye na watoto wake, asitupwe barabarani kama ganda la muwa. Atakayekuja Parklands kutuomba kura aulizwe, mbele ya watu, kama atayapigia mambo hayo kura ya ndiyo au ya la.